HUNDI IKIBAUNSI: NANI ANALIPA, NANI ANAFUNGWA?

Kila mwisho wa mwezi swali ni lile lile, ila linakuja kwa sura mbili. Mmoja anauliza: "Cheki niliyoandika imebaunsi, kweli nitafungwa?" Mwingine anauliza: "Nimepewa cheki, benki imeirudisha. Nikimbilie polisi ama kortini?" Leo tuwajibu wote wawili pamoja, maana kila mmoja anafaa kujua sheria inampa mwenzake nguvu gani. Tunazungumzia sheria ya Kenya tu. Msomaji wa Tanzania au Uganda, usichukue vifungu hivi ukavipeleka kwenye mahakama yako, huko kuna sheria zenu.

KWA UFUPI (kama dakika zako za saiba zinaisha)

- Hundi iliyorudi ni deni. Linabaki deni hata kama hakuna aliyeshtakiwa.
- Kuishiwa si jinai. Jinai ni kuandika hundi huku unajua akaunti haina pesa za kutosha, au unajua imefungwa, au ulishaiambia benki isilipe.
- Adhabu ya kosa hilo ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.
- Hundi ya tarehe ya mbele ina kanuni yake. Soma hapo chini kabla hujamtisha mtu au hujatishwa.
- Kumpeleka mtu polisi na kupata pesa zako ni safari mbili tofauti.
- Usimwekee rafiki sahihi kwenye hundi. Atakayedaiwa ni wewe.

HUNDI NI KITU GANI HASA?

Hundi ni amri. Unaiamuru benki yako: mlipe huyu kiasi hiki akija. Lakini ndani ya amri hiyo kuna ahadi yako wewe. Sheria ya hundi na hawala, Sura ya 27 ya Sheria za Kenya, inasema aliyetia sahihi anaahidi kwamba hundi ikipelekwa benki italipwa, na isipolipwa yeye mwenyewe atamfidia aliyenayo.

Kwa hiyo wale wanaosema "mimi nilishalipa, mambo ya benki hayanihusu" wanajidanganya. Kutoa hundi siyo kumaliza deni. Deni linaisha pesa zikiingia.

Hundi inaweza kurudi kwa sababu nyingi, na si zote ni ujanja. Tarehe imekosewa. Tarakimu zinasema 48,000 na maneno yanasema arobaini elfu. Sahihi hailingani na iliyo benki. Hundi imekaa zaidi ya miezi 6, imechacha. Kuna pesa zilizowekwa jana ambazo hazijapita. Halafu kuna ile maarufu inayoandikwa R/D, yaani kamuulize aliyeiandika. Hiyo mara nyingi maana yake ni moja: pesa hazipo.

Jambo la kwanza basi, kabla ya kelele, ni kuangalia benki imeandika sababu gani. Sababu hiyo ndiyo itakayoamua kama una mkosaji, mdaiwa, au mtu aliyekosea kuandika tu.

MLANGO WA KWANZA: JINAI

Kifungu chenyewe ni 316A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Kinamhusu mtu aliyeandika au kutoa hundi huku:

(a) anajua akaunti haina pesa za kutosha, au
(b) anajua akaunti imefungwa, au
(c) alikwisha kuiagiza benki isiilipe hundi hiyo.

Neno la kushika hapo ni ANAJUA. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba siku unaandika ulijua. Kuonyesha tu kwamba hundi ilirudi hakutoshi.

Tuseme wewe ni fundi wa milango ya chuma Kariobangi. Uliandika hundi ya shilingi 85,000 kununua mabati. Asubuhi hiyo ulikuwa na 90,000 kwenye akaunti, lakini kabla hundi haijafika benki ilikata mkopo wako. Hundi ikarudi. Unadaiwa 85,000, hilo halina ubishi. Lakini je, ulijua? Taarifa ya akaunti inaonyesha pesa zilikuwepo ulipotia sahihi, kwa hiyo una la kusema.

Sasa geuza. Akaunti ina shilingi 300 tangu Januari na hakuna pesa unayoingojea. Wiki moja unaandika hundi tatu kwa maduka matatu. Hapo taarifa ya akaunti ile ile ndiyo itakayokumaliza. Benki italeta shahidi na karatasi, na itakuwa kazi ngumu kumwambia hakimu hukujua.

Angalia pia kifungu (c) kinavyosema: ALIKWISHA kuiagiza benki. Ni yule aliyefunga mlango kwanza, ndipo akatoa hundi. Aliyetoa hundi kwa nia njema, kisha akaisimamisha kesho yake kwa sababu ameletewa simu mbovu, si sawa na huyo wa kwanza. Anaweza kushtakiwa kwa madai, ndiyo, lakini hilo ni jambo jingine na tutalifikia.

HUNDI YA TAREHE YA MBELE

Hapa ndipo watu wengi wanapotishana bure. Leo ni tarehe 5, unaandika hundi ya tarehe 30 ukitegemea mshahara. Kifungu hicho hicho cha 316A kinasema wazi kwamba sehemu ya (a), ile ya pesa kutotosha, haihusu hundi ya tarehe ya mbele. Na ukifikiria ina mantiki. Anayepokea hundi ya tarehe 30 anajua kabisa kwamba leo pesa hazipo, la sivyo angetaka hundi ya leo. Amekubali kungoja. Amekukopesha.

Lakini tahadhari. Msamaha huo ni wa (a) peke yake. Ukiandika hundi ya tarehe ya mbele kwenye akaunti ambayo unajua imefungwa, sehemu ya (b) bado inakungoja.

Na vipi lile shtaka la kupata pesa au mali kwa uongo, kifungu cha 313, ambalo kifungo chake kinafika miaka 3? Polisi wengi hupenda kuliandika. Lakini uongo unaozungumzwa hapo ni uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo sasa. Mahakama ya Rufani ilieleza hivyo katika kesi ya Oware dhidi ya Jamhuri mwaka 1989: ahadi kuhusu mambo yajayo haiwezi kubeba shtaka hilo. Mtu akisema "pesa zitakuwepo tarehe 30" na zisiwepo, amevunja ahadi. Kuvunja ahadi kunamleta kwenye mlango wa pili.

Tena kuna kipengele kingine. Shtaka la 313 linataka uwe umepata kitu KWA SABABU ya uongo huo. Kama mabati uliyachukua Machi na hundi ukaitoa Juni kupunguza deni, mabati hayakutoka kwa sababu ya hundi. Yalikwisha toka.

MLANGO WA PILI: MADAI

Huku hakuna anayeuliza ulijua au hukujua. Swali ni moja: sahihi ni yako? Kama ni yako, na hundi haikulipwa, unadaiwa kiasi kilichoandikwa, na riba inaweza kuongezwa juu yake.

Mahakama huichukulia hundi karibu kama pesa taslimu. Tangu kesi ya Hassanali Issa dhidi ya Jeraj Produce Store, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967, mzigo uko kwa aliyeandika hundi. Yeye ndiye aeleze kwa nini asilipe. Anaweza kusema hundi iliibwa. Anaweza kusema alidanganywa, au hakuletewa mali yoyote. Lakini kusema "mali ilikuja ila sikuipenda sana" kwa kawaida hakuizuii hukumu ya hundi. Hayo anaweza kuyadai kivyake.

Kwa wenye madai ya kawaida, habari njema ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Na kumbuka tangu Oktoba 2009 hundi za shilingi milioni 1 na zaidi hazipitishwi kati ya benki na benki. Kiasi hicho hutumwa moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki. Kwa hiyo hundi moja ya biashara, hata iwe kubwa vipi, kwa kawaida inaingia kwenye mahakama hiyo.

Muda wa kudai deni la mkataba ni miaka 6. Usingoje mwaka wa tano na miezi kumi na moja.

POLISI SI WAKUSANYA MADENI

Hapa tuseme ukweli, maana pande zote mbili huumia.

Mwenye deni anaona polisi ni njia ya mkato: jamaa atakamatwa Ijumaa, alale ndani wikendi, Jumatatu pesa zije. Wakati mwingine zinakuja kweli. Lakini Katiba, kifungu cha 157(11), inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aangalie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya mashtaka. Mahakama Kuu imesimamisha kesi za jinai zaidi ya mara moja ilipoona lengo ni kumkamua mtu deni tu. Hapo unakuta umepoteza miaka miwili na hata kesi ya madai hujafungua.

Na hata ukishinda jinai, faini inaenda kwa serikali. Hundi ya 400,000, faini 50,000, na wewe bado mikono mitupu. Mahakama ina uwezo wa kuamuru ulipwe fidia, lakini usiweke matumaini yote hapo.

Kwa upande mwingine, mdaiwa asijipe moyo kwamba kesi ya madai inamkinga. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, kifungu cha 193A, inasema kesi ya jinai haisimamishwi kwa sababu tu jambo lile lile liko kwenye kesi ya madai. Milango yote miwili inaweza kufunguliwa siku moja.

WANAOINGIA MTEGONI BILA KUJUA

1. Rafiki wa rafiki. Jamaa anataka kuchukua simu kwa muuzaji wa jumla, hana akaunti ya hundi. Anakuomba karatasi moja: "Tia sahihi tu, Ijumaa naweka pesa." Ijumaa inafika, simu yake haipatikani. Kisheria, aliyetia sahihi ili kumkopesha mwingine jina lake anadaiwa na aliyetoa mali, hata kama huyo wa mali alijua wewe unasaidia tu. Utalipa, halafu umtafute rafiki yako mwenyewe.

2. Hundi tupu yenye sahihi. Ukimpa mtu hundi yenye sahihi bila kiasi, sheria inamchukulia kuwa ana ruhusa yako ya kujaza. Akijaza zaidi ya mlichokubaliana kisha akampa mtu mwingine asiyejua chochote, huyo wa tatu ana haki juu yako.

3. Hundi ya kampuni. Ukitia sahihi kwa niaba ya kampuni, na hundi inaonyesha hivyo, deni ni la kampuni. Lakini jina la kampuni halifungwi jela. Wewe uliyetia sahihi ukijua akaunti ni kavu, swali la "ulijua?" linakujia wewe. Vijana mnaoajiriwa leo na kesho mnaambiwa ninyi ni wakurugenzi wa kutia sahihi, muwe macho.

4. Kupitisha hundi. Ukipewa hundi, ukatia sahihi nyuma na kumpa mwingine kulipa deni lako, nawe umeahidi kwamba italipwa. Ikirudi, anaweza kukujia wewe. Hundi iliyochorwa mistari na kuandikwa "kwa akaunti ya mlipwaji tu" haipitishwi hivyo.

5. Hundi ya harambee. Hii ni yetu wenyewe. Mheshimiwa anapunga hundi ya 200,000 kanisani, picha zinapigwa, Jumatatu benki inairudisha. Je, kanisa linaweza kudai? Kwa mlango wa madai ni vigumu, maana ile ilikuwa zawadi. Hakupewa kitu kwa malipo hayo, na ahadi tupu ya zawadi hailazimishwi. Lakini soma tena kifungu cha 316A. Hakiulizi ulipata nini. Kinauliza ulijua nini. Mwenye kutoa hundi ya leo kwenye akaunti anayojua ni tupu, makofi ya waumini hayamwokoi.

UMEPEWA HUNDI IKARUDI? FANYA HIVI

a) Chukua benki karatasi ya kurudishwa yenye sababu na tarehe. Tunza hundi yenyewe au nakala ambayo benki imekupa. Usiichane kwa hasira.

b) Mjulishe aliyeiandika HARAKA na kwa maandishi. Sheria inataka taarifa ya hundi kukataliwa itolewe ndani ya muda unaofaa. Ipo misamaha, kwa mfano pale mwandikaji mwenyewe ndiye aliyeizuia, lakini kwa nini ujitie kwenye mabishano? Kama kuna mtu aliyekupitishia hundi, mjulishe naye.

c) Andika barua ya madai. Hata hapo saiba unaweza kuichapa sasa hivi. Haihitaji maneno makubwa:

"Tarehe (taja) ulinipa hundi nambari (taja) ya benki (taja) ya shilingi (taja) kwa ajili ya (mali au kazi). Tarehe (taja) benki iliirudisha kwa sababu (iandike kama ilivyo). Nakala zimeambatishwa. Nakutaka unilipe kiasi hicho ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Usipolipa nitachukua hatua za kisheria bila kukupa notisi nyingine."

Weka tarehe na sahihi, tunza nakala, na uwe na ushahidi kwamba aliipokea.

d) Siku zikipita, fungua kesi ya madai. Kama unaamini kwa ushahidi kwamba alijua, piga ripoti polisi pia na uchukue nambari ya OB. Usitumie ripoti kama fimbo ya kumtisha huku unajua ilikuwa hundi ya tarehe ya mbele.

HUNDI YAKO NDIYO IMERUDI?

a) Usizime simu. Kujificha ndiko kunakofanya deni lionekane wizi.

b) Chukua taarifa ya akaunti ya siku uliyoandika hundi. Hiyo ndiyo itakayoonyesha ulijua nini.

c) Lipa unachoweza na pata risiti au ujumbe wa M-Pesa. Mkikubaliana malipo ya polepole, yaandikwe na yatiwe sahihi na wote wawili. Dai urudishiwe hundi ya zamani ukimaliza.

d) Usifunike hundi mbovu kwa hundi nyingine. Sasa una mbili, na ya pili huwezi kusema hukujua.

e) Ukiitwa kituoni, nenda, na ukiweza nenda na wakili. Una haki ya kunyamaza. Usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma.

f) Kumbuka CRB. Hundi zilizorudi kwa kukosa pesa ni miongoni mwa taarifa ambazo benki hupeleka huko, na zinaweza kukukuta siku unaomba mkopo wa pikipiki.

NENO LA MWISHO

Hundi nyingi zinazorudi hazikuandikwa na majambazi. Ziliandikwa na watu waliotegemea pesa ambazo hazikuja. Sheria inalijua hilo, ndiyo maana imetenganisha aliyeishiwa na aliyedanganya. Lakini yule fundi aliyekesha akichomelea milango yako naye alitegemea pesa, na watoto wake hawali R/D. Kwa hiyo kabla hujaweka sahihi jiulize swali lile lile ambalo hakimu atakuuliza: leo hii, unajua nini kuhusu akaunti yako?

Haya ni maelezo ya jumla. Kesi yako ina mambo yake, muone wakili. Mwenye swali au yaliyomkuta aandike hapo chini kwenye maoni. Tafadhali msiweke majina ya watu wala nambari za akaunti, tutazifuta.